Uani kwetu: Kidari cha moshi

Baba mkwe wangu alipoteza magego yake yote miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo, kila alipotutembelea siku ya Jumapili, sisi wengine tulitafuna nyama naye akanywa mchuzi, huku akisema kwa upole kwamba mchuzi wamtosha. Wasomaji wenye wazee nyumbani wanajua upole wa namna hiyo huficha nini. Ndipo nilipoazimia kujifunza kuivisha kidari cha ng'ombe kwa moshi, kama wafanyavyo watu wa Texas huko Marekani, kwa sababu nyama hiyo ikiiva barabara hailazimu kutafunwa sana.

Kidari, ndugu msomaji, ni nyama ya kifuani, kati ya miguu ya mbele. Ng'ombe hana mtulinga, hivyo misuli ya kifua hubeba sehemu kubwa ya uzito wake maisha yake yote. Misuli yenye kazi nyingi hujaa kolajeni, nayo ndiyo ileta ule ugumu unaotufanya tukitupe kidari katika supu. Wauza nyama wa Kijerumani na wa Kicheki waliohamia Texas katika karne ya 19 walikwenda na desturi ya kuuza nyama iliyopitishwa katika moshi. Katika mji mdogo wa Lockhart, ambako duka la Kreuz Market lilianza mwaka 1900, vibarua wa mashamba ya pamba waliinunua ingali moto, ikiwa imefungwa katika karatasi ya bucha, wakaila papo hapo kwa mikono. Kidari chenyewe kilipata umaarufu baadaye, katika karne ya 20, na leo watu husimama foleni tangu asubuhi kwa ajili ya kile kilichokuwa chakula cha vibarua.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilitia kuni mbichi, nikidhani moshi mwingi ndio ladha nyingi. Moshi mzito mweupe ukaipaka nyama uchungu kama wa masizi. Kisha, baada ya saa nne, kipimajoto kilichochomekwa ndani ya nyama kilifika nyuzi 68 za sentigredi kikagoma. Saa nzima ikapita, nikaongeza mkaa kwa hasira, nikachoka, nikaiepua. Mke wangu alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu, akasema, "Baba watoto, hiki tungekipeleka kwa fundi viatu." Mzee alikunywa mchuzi.

Kumbe kule kugoma ni jambo la kawaida. Maji yanayotoka katika nyama huvukizwa usoni pake, na mvuke ule huipoza nyama kwa kadiri ileile moto unavyoipasha, sawasawa na jasho linavyotupoza sisi. Anayeepua wakati huo ameepua kabla kolajeni haijayeyuka na kuwa ule ute mlaini. Hapana budi kusubiri hadi nyama ifike nyuzi 93 au 95. Asiye na kipimajoto achome kwa kijiti cha mshikaki. Kikipenya kama katika kiazi kitamu kilichoiva, basi.

Nilirudia baada ya majuma mawili. Chombo changu ni pipa lililolazwa na kupasuliwa na fundi wa Gerezani, likatiwa bawaba, wavu na tundu mbili za hewa. Chagueni pipa lililobeba mafuta ya kula. Lililobeba petroli laweza kulipuka likikatwa. Mkaa hukaa upande mmoja, nyama upande wa pili, na sufuria ya maji katikati. Juu ya mkaa nilitia vipande vya mpera mkavu, kimoja kimoja, ili moshi utoke mwembamba wa rangi ya buluu. Joto ndani ya pipa lilikaa kati ya nyuzi 110 na 120. Kazi hii ni ya uani tu. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo huua watu waliojifungia ndani.

Kidari cha kilo 4 nilikipaka chumvi na pilipili manga, bila kingine. Watakaoongeza nyanya na bizari watakuwa wamepika kitu kingine, pengine kizuri. Ng'ombe wetu wenye nundu hawana mafuta mengi, kwa hiyo nilimwomba mwenye bucha aniachie tabaka lote la mafuta. Nilianza saa kumi alfajiri. Saa mbili asubuhi nyuzi ziligoma tena, safari hii nikatabasamu. Nilikifunga katika jani la mgomba lililobabuliwa, lizuie mvuke kupotea, nikaacha kutia kuni, kwa kuwa nyama iliyofungwa haihitaji moshi tena. Mkaa kidogo watosha, nao mkaa si rahisi siku hizi.

Saa nane mchana kijiti kilipenya. Nilikiacha saa nzima ndani ya sufuria yenye kifuniko ili majimaji yatulie, kisha nikakata vipande vyembamba kwa kukingama nyuzi za nyama. Mara ya kwanza nilikata kwa kuzifuata, kosa ambalo lingeharibu hata nyama laini.

Mzee alikula vipande vitatu bila kusema neno. Bakuli la mchuzi lilipoa mbele yake. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, kimebaki cha kumpelekea mama yako?"

Kilikuwa kimebaki.