Watalii wa Magurudumu na Wapagazi wa Salaita

Miongoni mwa biashara zilizozuka tangu kuanza kwa karne hii ni ile ya kuwatembeza watalii katika medani za vita vya kale wakiwa wamesimama juu ya vigari vya magurudumu mawili vinavyoendeshwa kwa betri. Kigari chenyewe, ambacho wengi hukijua kwa jina la kampuni iliyokianzisha, Segway, kilitangazwa nchini Marekani mnamo Desemba 2001. Abiria husimama katikati ya magurudumu. Akiinama mbele kidogo, kigari huenda. Akijirudisha nyuma, husimama. Kilipoanza kuuzwa bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na waliokibuni waliamini kwamba kingebadilisha kabisa namna binadamu anavyokwenda mjini. Hakikubadilisha. Uundaji wa kigari kile cha asili ulikomeshwa mwaka 2020. Hata hivyo, kilikuwa kimekwisha kujipatia riziki kwa waongoza watalii, na vigari vya jinsi hiyo, pamoja na ndugu zake wadogo wa kusimamia vinavyotoka Uchina, vingali vinazunguka.

Mahali palipojulikana sana kwa ziara hizi ni Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania. Hapo, kuanzia tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, majeshi mawili ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe yalipigana hata wakapatikana watu wapatao 51,000 waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa au waliotoweka. Leo ni bustani ya taifa yenye makumbusho ya mawe na shaba zaidi ya 1,300. Mimi nilipita huko mwaka 2016, baada ya mkutano wa wanaisimu katika mji wa jirani, nikavalishwa kofia ngumu, nikafundishwa kusimama na kugeuka, kisha nikaongozwa na wenzangu saba kama vifaranga nyuma ya mama yao. Sitamdanganya msomaji: nilifurahi. Upepo ulikuwa mzuri na kigari ni kitiifu kuliko punda yeyote niliyemjua utotoni.

Wapo wanaosema kwamba furaha ya namna hiyo ni kufuru juu ya makaburi. Mimi si mmoja wao. Mzee wa miaka sabini asiyeweza kutembea kilomita kumi juani ana haki ya kuiona medani sawa na kijana mwenye magoti mapya. Isitoshe, Wamarekani wamejifunza kujiwekea mipaka. Mnara mrefu wa kutazamia uliojengwa na mfanyabiashara kando ya uwanja huo mwaka 1974, ukaharibu mandhari kwa zaidi ya robo karne, ulilipuliwa tarehe 3 Julai 2000. Kilima kidogo kiitwacho Little Round Top kilipochakaa kwa nyayo za wageni, kilifungwa mwaka 2022, hakikufunguliwa tena hadi 2024. Na tangu mwaka 1915 waongozaji wa medani ile hupewa leseni baada ya mtihani, kwa sababu kabla ya hapo kila mwenye mdomo alikuwa akiwauzia wageni historia aliyoipika mwenyewe.

Kilichonishughulisha, basi, si magurudumu bali ni maneno. Mwendo wa kigari huamua urefu wa sentensi. Kituo hadi kituo ni dakika chache, betri ina kikomo chake, na kundi jingine linangoja zamu. Kinachosalia ni jina la jenerali, idadi ya bunduki, saa ya shambulio, na kisa kimoja cha kuchekesha. Kesho yake nilirudi kwa miguu, peke yangu. Juu ya ukingo ule ule ambao askari wapatao 12,500 wa Kusini waliuendea siku ya tatu ya vita, nilikuta nyumba ndogo iliyopakwa chokaa. Ilikuwa ya Abraham Brian, mkulima mweusi aliyekuwa huru. Alikimbia na aila yake kabla ya jeshi la Kusini kuwasili, kwa kuwa jeshi hilo lilikuwa likiwakamata watu weusi wa Pennsylvania, walio huru kwa watoro, na kuwapeleka Kusini utumwani. Aliporejea alikuta shamba limesagwa. Alidai fidia ya zaidi ya dola 1,000. Akalipwa 15, bei ya majani makavu. Jana yake tulikuwa tumepita karibu na hapo, na hatukuambiwa lolote.

Nayasimulia haya kwa sababu jambo lenyewe linatukaribia. Kijana mmoja niliyemfundisha, mzaliwa wa Taveta, amenijia na mpango wa kuanzisha ziara za vigari vya kusimamia, vyenye matairi mapana, kuuzunguka mlima wa Salaita na nyanda zilizo kati yake na mji wa Taveta. Amekwisha kufanya hesabu zake. Watalii, asema, hupita mbio wakienda Tsavo au kuupiga picha Mlima Kilimanjaro, na Taveta huachiwa vumbi. Hoja yake ina uzito. Vijana wa huko hawana ajira za kutupa, na ni nani atakayemlaumu mtu kwa kutafuta mkate pale alipozaliwa? Nilimuuliza kuhusu miiba na ndovu; akacheka, akasema njia itafyekwa na ndovu huonekana mbali. Kisha akaniambia alilolijia: "Mwalimu, niandikie maneno ya Kiswahili ya waongozaji wangu. Dakika tatu kila kituo, zisizidi."

Msomaji asiyeijua Salaita na aelewe kwamba ni kilima cha kawaida kwa macho. Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914, vita vilipoanza tu, wakakifanya kilima hicho ngome ya kulindia njia ya kuingilia kwao. Tarehe 12 Februari 1916, askari weupe kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wamefika nchini karibuni, walitumwa kukitwaa. Walirudishwa nyuma kwa fedheha na askari wa Wajerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Waliowasitiri wasiangamizwe ni Wahindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi, wale wale ambao Makaburu walikuwa wakiwaita makuli. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliizunguka ngome hiyo, Taveta ikatwaliwa, na yakapiganwa mapambano ya Latema na Reata usiku wa tarehe 11 Machi. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, akarudi nyuma kusini, akaendelea kukimbizwa hadi Novemba 1918.

Hayo yanatosha dakika tatu, na kijana wangu angefurahi yakomee hapo. Ameniomba niongeze mambo mawili. La kwanza ni kisa cha mwanamke wa Kijerumani ambaye yasemekana alijificha ndani ya mbuyu akiwadungua Waingereza mmoja mmoja. Kisa hicho husimuliwa kwa kila mgeni anayefika kwenye mbuyu huo. La pili ni kwamba jina Salaita latokana na neno la Kiingereza la machinjo, kwa ajili ya damu iliyomwagika pale. Kuhusu mbuyu nilimwambia akisimulie kama hadithi na akiite hadithi. Kuhusu jina nilikataa katakata. Kilima hicho kiliitwa Salaita na Waingereza wenyewe kabla ya shambulio la Februari 1916. Wajerumani walikiita Oldorobo. Jina haliwezi kuzaliwa na tukio lililokuja nyuma yake. Hii ni etimolojia ya barazani, tamu kama halua, na kama halua haijengi mwili.

Lakini ubishi wetu hasa ulikuwa juu ya kauli ya kutendwa. Wanafunzi wangu wanajua kwamba hupenda kuisumbua kauli hii. Kiswahili kinaturuhusu kusema: mizinga ilisogezwa mbele, chakula kilifikishwa, majeruhi waliondolewa, daraja lilijengwa. Sentensi imekamilika, sarufi imeridhika, na mtendaji ametoweka bila kuacha hata kivuli. Rasimu aliyoniletea kijana ilijaa sentensi za jinsi hiyo. Nikaanza kumuuliza kwa kila moja: na nani? Ilisogezwa na nani? Kilifikishwa na nani? Kijana ni mwerevu. Alitambua mara moja nilikokuwa nikimpeleka. Akajibu kwa heshima, lakini bila kurudi nyuma: "Mwalimu, wageni hawaji kusikiliza habari za mizigo."

Hapo ndipo tulipotofautiana, na ndiyo sababu ya makala haya.

Pale Salaita penyewe reli mpya kutoka Voi ilikuwa imekaribia, na magari yalikuwepo. Lakini majeshi yalipovuka mpaka na kuingia bara ya Tanganyika, reli ikabaki nyuma, mbung'o wakawaua ng'ombe, farasi na punda, na vita vikahamia juu ya vichwa vya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Kwetu, sheria ya mwaka 1915 iliwawezesha kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth aliongoza msako mkubwa uliokumba Nyanza, Ukambani, Ukikuyu na kwingineko. Waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu laki moja, na wako wataalamu wanaoamini kwamba hesabu hiyo ni ndogo. Wachache kati yao walikufa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na unga wa mahindi ambao haukupikwa ukaiva. Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na serikali ya London ikakataa kuitoa.

Lugha iliwakumbuka kuliko serikali. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza lilikuwa Carrier Corps. Watu wakalipokea kwa masikio, wakalifungua silabi zake na kulipa irabu za kwetu, likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi, mahali zilipokuwa kambi zao. Mama anayenunua kiondo katika soko la Kariokor analitaja jeshi zima bila kujua. Na neno mpagazi latokana na kitenzi pagaa, kuchukua mzigo, ambacho pia ndicho kilichotuzalia kupagawa, kuingiwa na pepo. Wahenga waliona uhusiano kati ya kubebeshwa mzigo na kutawaliwa na kisichokuwa chako. Sijui kama yuko mwongozaji atakayelisema hilo akiwa kwenye kigari, ila mimi ningelipenda alijaribu.

Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zipo sanamu tatu za shaba, na mmoja wa watu hao ni mpagazi. Maandishi yaliyo chini yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuwekwa kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwemo, yanawaahidi marehemu kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Msomaji akipita hapo na atazame pande zote za jiwe. Hakuna hata jina moja. Aende kisha katika makaburi ya kijeshi ya Taveta au Voi, aone mistari ya mawe ya Wazungu, kila jiwe na jina, cheo na tarehe. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayosimamia makaburi hayo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ubaguzi ndio uliokuwa sababu, na ripoti yenyewe haikulificha hilo.

Sasa tunataka kuanzisha ziara zetu wenyewe, kwa lugha yetu wenyewe, zikiongozwa na wajukuu na vitukuu vya watu hao, kisha turudie kimya kile kile kwa sababu kigari kina haraka? Mkoloni aliwaacha wapagazi nje ya jiwe. Sisi tutawaacha nje ya sentensi. Sioni tofauti kubwa.

Serikali ya kaunti inayo nafasi hapa. Mitihani ya waongoza watalii ipo nchini, ile ya vyeo vya shaba, fedha na dhahabu, lakini moyo wake ni wanyama na ndege. Mtu anaweza kukutajia aina zote za tai na asijue nini kilitokea Latema. Haingegharimu mno kuweka mtihani wa medani za Taita Taveta, wa kuandika na wa mdomo, kama walivyofanya Gettysburg zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na usiruhusiwe kuongoza mgeni bila kuufaulu. Vilevile njia za vigari ziwekewe alama mapema, kabla ya mahandaki yaliyosalia kugeuzwa kuwa mahali pa kurukia magurudumu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inatoa uwezo wa kuyalinda maeneo ya aina hiyo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuinuka kitini.

Rasimu nimekwisha kumwandikia kijana wangu. Vituo vinne ni vya dakika tatu tatu, kama alivyoagiza. Cha tano nimekiweka chini ya mti, vigari vimezimwa, wageni wameshuka na kukaa chini, na maneno yake ni ya dakika kumi na moja. Amenipigia simu kulalamika kuwa nimeivuruga ratiba. Nimemwambia apunguze mbuyu.

Kituo hicho, hata hivyo, kina upungufu ambao mimi siwezi kuuziba nikiwa ofisini. Hakina majina. Ninayo matano tu, niliyopewa na wazee, na ziara haiwezi kusimama juu ya majina matano. Yeyote ambaye babu yake au babu wa babu yake alichukuliwa Kariakoo, akarudi au asirudi, na atuletee jina lake kupitia kwa mhariri wa gazeti hili, pamoja na kijiji alikotoka na mwaka kama unajulikana.