Cheti cha Uhasibu na Mipaka Yake

Herufi tatu ziandikwazo baada ya jina la mtu, CPA, zimekwisha kuwagharimu wazazi wengi mavuno ya shamba na mifugo ya zizini. Ni haki basi mzazi ajue nguvu ya herufi hizo inaanzia wapi na inaishia wapi.

Kwanza, shahada ya Chuo Kikuu si sifa ya kitaaluma. Shahada hutolewa na chuo. Sifa ya kitaaluma hutolewa na bodi au chama cha wahasibu, baada ya mitihani na mazoezi ya kazi. ACCA ya London, ambayo asili yake ni mwaka 1904, hudai miezi 36 ya kazi mbali na mitihani.

Pili, herufi zaweza kuwa zile zile na sheria zikawa mbalimbali. CPA ya Tanzania iko chini ya NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Ya Uganda iko chini ya ICPAU, iliyoundwa mwaka 1992. Huko Marekani, ambako New York ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1896, kila jimbo hutoa leseni yake. Kwa hiyo CPA wa Kampala afikapo Chicago hana ruhusa ya kujiita CPA mpaka atimize masharti ya huko.

Je, cheti chake kimekuwa bure? La. Kutunza hesabu za kampuni ni kazi ambayo mwajiri huweza kumpa amwaminiye. Kutia sahihi taarifa ya ukaguzi ni jambo jingine: hapo sheria ya nchi ndiyo inayoamua. Ujuzi husafiri na mwenyewe. Haki ya kutia sahihi haisafiri.

Katika Afrika ya Mashariki njia imerahisishwa. Mwaka 2011 vyama vya wahasibu vya nchi za Jumuiya vilitia sahihi mapatano ya kutambuana. Hata hivyo, mhasibu hana budi kujiandikisha kwa chama cha nchi aendako, na kujifunza kodi na sheria za makampuni za huko.

Kabla ya kulipa karo, basi, mzazi aulize mambo matatu: mitihani ni ya bodi gani, mwanafunzi ameandikishwa na bodi yenyewe, au na chuo tu, na mazoezi ya kazi atayapata wapi. Chuo kisichoweza kujibu swali la pili hakistahili kupokea fedha zake.