Kiti cha Kitengela na Mizani Yetu

Huenda msomaji wa Pwani akauliza: Kitengela yatuhusu nini? Ni mji wa barabara ya Namanga, kusini ya Nairobi, katika kaunti ya Kajiado. Huko hakuna bahari wala mnazi. Lakini mimi naiona kesi ya mji ule kuwa ni yetu pia, na sababu nitaitaja.

Nchi ile ni ya Wamasai wa Kaputiei. Ardhi yao ya pamoja iligawanywa mwaka 1988, kila mwenyewe akapata kipande chake. Katika miaka ya 1990 vikaja viwanda vya Athi River, wafanyakazi wakatafuta pa kulala, na malisho yakauzwa kiwanja kwa kiwanja. Hesabu ya 2009 ilikuta mjini watu 58,167. Ya 2019 ikakuta 154,436. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mwenyeji bado angoja kupona.

Kajiado ilikuwa na majimbo matatu ya uchaguzi: Kaskazini, Kati na Kusini. Mwaka 2012 yakaongezwa Mashariki na Magharibi, na Kitengela ikawa wadi moja kati ya tano za Kajiado Mashariki. Mwaka 2013 kiti hicho alikitwaa Bi. Peris Tobiko, mwanamke wa kwanza wa Kimasai kuchaguliwa Bungeni.

Sasa tupige hesabu. Ukiwagawa Wakenya wa 2019 kwa viti 290, kila kiti chapata watu kama 164,000. Kitengela peke yake yakaribia kiasi hicho. Kaunti nzima ya Lamu, yenye viti viwili, ilikuwa na watu 143,920, na Lamu Mashariki 22,258 tu. Basi mtu wa Kitengela akisema anapunjwa, hasemi uongo.

Lakini Katiba imefunga idadi ya viti, na kiti kipya hakina budi kutoka mahali. Lamu Mashariki ilisalimika mwaka 2012 kwa kuwa ugawaji ule wa kwanza ulikatazwa kufuta jimbo lolote. Kinga hiyo imekwisha. Ugawaji mwingine ulipasa kuwa tayari kabla ya Machi 2024, na muda ukapita Tume ikiwa haina hata kamishna mmoja. Siku itakapofanyika, Faza na Kizingitini zitakuwa mizanini.

Tusifanye haraka, hata hivyo, kuupinga mji ule. Kisauni ilikuwa na watu 291,930 na mbunge mmoja. Kilio cha Kitengela ndicho kilio cha Kisauni, na hofu ya mchungaji wa Imaroro, ya kumezwa na kura za mji, ndiyo hofu ya mvuvi wa Kizingitini. Sisi tuko pande zote mbili za mizani.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kifungu cha 89 cha Katiba hakihesabu vichwa pekee. Chataja pia umbile la nchi, historia, uchumi na mila. Wabunge wetu na wa Kajiado wakae pamoja mapema, wadai kifungu hicho kisomwe chote: mji upate sauti yake, na wachache wasinyang'anywe yao. Anayetaka kisiwa chake kihurumiwe kwa uchache wa watu, na amhurumie mwenye ng'ombe. Na anayeilalamikia Kisauni, asiicheke Kitengela.