Mwalimu wa Taaluma na Uongozi wa Wenzake

Uongozi wa shule unapozungumzwa, fikra zetu hukimbilia kwa Mwalimu Mkuu. Lakini mwalimu mgeni katika shule ya msingi huongozwa zaidi na mwalimu wa taaluma: huyo ndiye anayegawa vipindi, anayepitia maazimio ya kazi na kutia sahihi maandalio ya masomo. Tungependa kueleza sifa ambazo, kwa maoni yetu, mwalimu huyo hana budi kuwa nazo.

Sifa ya kwanza ni haki katika kugawa vipindi. Mara nyingi, tunapowatembelea wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, tumeona Darasa la Kwanza, lenye watoto wengi kupita yote, limekabidhiwa mwalimu mgeni. Wakongwe hushika Darasa la Saba, kwa kuwa lina mtihani, na mtihani huleta sifa. Huku ni kujenga nyumba kuanzia paa. Mtoto asiyefundishwa herufi barabara atakwenda na upungufu huo mpaka Darasa la Saba, na mkongwe yule yule ndiye atakayelalamika kwamba wanafunzi wake hawajui kusoma.

Historia yatuonya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, ambayo utekelezaji wake ulifikia kilele mwaka 1977. Ada ilipofutwa tena chini ya MMEM mwaka 2002, na elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto walifurika madarasani. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, kila mara mzigo wa kwanza ulimwangukia mwalimu wa Darasa la Kwanza. Kwa hiyo twashauri kwamba mwalimu wa taaluma achukue yeye mwenyewe sehemu ya vipindi vya darasa hilo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mkubwa ni jalala.

Sifa ya pili ni kukubali kutazamwa. Kutia sahihi si kuongoza. Andalio zuri laweza kunakiliwa kutoka daftari la mwaka uliopita, na sahihi isilitambue. Kiongozi mwema humwalika kwanza mwalimu mgeni aje kumtazama akifundisha, na baada ya somo humruhusu aulize kwa nini hatua hii ilitangulia ile. Ndipo naye aingie katika darasa la mgeni, akae nyuma, anyamaze, kisha amweleze faraghani aliyoyaona. Kumsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake ni kumvua heshima ambayo kesho ataihitaji.

Sifa ya tatu ni kutambua kazi ya kila mtu. Mwalimu aliyekusanya vifuniko vya soda vya kuhesabia atajwe kwa jina lake mgeni anaposifu zana hizo. Kiongozi anayejitwalia sifa za wenzake atabaki na zana zile zile mwaka hadi mwaka, kwani hakuna atakayetengeneza nyingine.

Wako watakaosema kwamba mwalimu wa taaluma ana ratiba, mitihani na taarifa za kuandika, wala hana nafasi ya kuingia madarasani. Ni kweli kwamba kazi zake ni nyingi. Lakini taarifa hizo zahusu nini, kama si yale yanayotendeka madarasani? Kipindi kimoja kwa juma cha kumtazama mwenzake kitamfunulia mengi kuliko rundo la madaftari.

Mwalimu kijana anayeachwa peke yake katika mwaka wake wa kwanza hujifunza upesi kunakili maandalio na kuficha asiyoyaweza, na tabia hizo ni ngumu kuziondoa baadaye. Wanaoumia ni watoto, ambao hawana pa kulalamika. Wanachuo wetu wa leo ndio watakaogawa vipindi kesho. Siku hiyo itakapofika, waanze kwa kuandika majina yao wenyewe mbele ya Darasa la Kwanza.