Darubini Nyumbani Mwetu

Baba mmoja wa jamaa ametuuliza swali. Mwanawe wa shule ya sekondari anatamani darubini ya kutazamia nyota, naye ana woga, kwa kuwa amesikia ya kwamba chombo hicho chaweza kupofusha mtu. Je, amnunulie ao amkatalie?

Jibu letu ni hili: amnunulie, lakini kwanza wote wawili wajifunze sheria moja. Usiku darubini ni rafiki. Mchana ni moto.

Sote tulipokuwa watoto tulichezea kipande cha kioo kinachokusanya nuru ya jua, hata jani kavu likawaka. Kioo cha mbele cha darubini hufanya kazi ile ile. Anayelitazama jua kwa darubini tupu huunguza ndani ya jicho lake kwa kitambo kidogo, wala hasikii uchungu, maana sehemu ile ya jicho haina maumivu. Atatambua baadaye, na pengine hataona vema tena maisha yake yote.

Wala tusidanganyike: kioo kilichopakwa moshi, miwani nyeusi, ao picha ya radio ya hospitali, havitoshi kulinda jicho. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, na kivuli cha mwezi kilipita Gabon, Kongo, Uganda na Kenya. Siku za namna hiyo hurudi. Heri anayejifunza mapema.

Basi, jua litazamwe namna gani? Njia ni mbili. Ya kwanza, kifuniko maalum cha kupunguza nuru, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Hufungwa imara mbele ya darubini, upande unaoelekea jua, baada ya kuchunguza kama hakina tundu. Kile kioo kidogo cheusi kinachofungwa upande wa jicho tukikatae, kwani hupasuka kwa joto.

Njia ya pili ni ya zamani. Padri Benedetto Castelli, Mbenedikto, mwanafunzi wa Galileo, na Padri Christoph Scheiner, Myezuiti, waliitumia miaka 400 hivi iliyopita ili kuchora madoa ya jua. Hatutazami ndani ya darubini hata kidogo. Tunafunika ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni, kisha tunageuza bomba mpaka kivuli chake kiwe kifupi kabisa. Hapo sura ya jua itaangukia karatasi nyeupe iliyoshikwa nyuma, kama sentimeta 30. Madoa yakionekana, tuyatie alama kwa kalamu ya risasi. Siku ya pili tutaona yamesogea, maana jua lenyewe lazunguka. Njia hii yafaa darubini ndogo yenye vioo vya kupitisha nuru, wala si ile ya kioo cha kurudisha nuru, ambayo yaweza kuharibika kwa joto. Na mtu mzima asiondoke hata dakika moja, mtoto asije akachungulia.

Jua likisha kutua, na macho ya viungo vyake vya mwisho yametoweka, woga umekwisha. Tuanze na mwezi, hasa unapokuwa nusu, maana vivuli huonyesha milima na mashimo yake. Kisha Jupiter: miezi yake 4, ambayo Galileo aliiona Januari 1610, husimama kando yake kama shanga, na kila usiku hubadili mahali. Pete za Zohali nazo huonekana.

Neno kwa mnunuzi: asivutwe na muuzaji anayejisifu kwamba darubini yake hukuza mara 500. Darubini ya kuanzia, yenye kioo cha milimeta 70, haifai kukuza kupita mara 140 hivi. Zaidi ya hapo sura huwa ukungu. Atazame upana wa kioo na uimara wa miguu mitatu.

Baba Mtakatifu Leo XIII alipoanzisha upya nyumba ya nyota ya Vatikano mwaka 1891, alitaka watu wajue kwamba Kanisa haliogopi elimu ya kweli. Nasi tusiiogope. Baba huyo na aweke darubini uani, amkalishe mwanawe karibu, na usiku wa kwanza watazame mwezi pamoja. Jua litangoja mpaka mtoto aweze kuikariri ile sheria bila kukosea.