Breki za kubadilisha nyumbani: Nafuu ya mfanyabiashara wa Nambis iko wapi?

GARI linalobeba vitunguu saumu, maharage au mahindi kutoka Nambis, wilayani Mbulu, halina njia ya tambarare ya kufika kwenye masoko makubwa. Likienda Babati kwa barabara ya Mbuyu wa Mjerumani linashuka mlima Magara, likizunguka Dongobesh linakutana na mteremko wa Dareda. Hata likielekea Arusha kupitia Karatu, bado kuna mlima wa Mto wa Mbu. Breki kwa mfanyabiashara wa huko ni gharama ya msimu, kama mbolea ilivyo kwa mkulima, na haishangazi kwamba wapo wenye pikapu wanaobadilisha pedi na diski wenyewe nyumbani.

Uamuzi huo una mantiki, ila hesabu yake mara nyingi hufanywa nusu. Kinachookolewa ni ujira wa fundi peke yake. Pedi na diski zitanunuliwa vilevile, na hapo ndipo wengi hutafuta nafuu ya pili kwa kuchukua za bei ya chini kabisa. Nafuu ya kwanza inaweza kuwa ya kweli. Ya pili ni ya mashaka makubwa.

Sababu ni joto. Pikapu yenye uzito wa tani mbili na nusu pamoja na mzigo, kwa kila mita 100 inazoshuka kwenda chini, hutoa nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji. Dereva akishuka kwa gia nzito, injini hubeba sehemu ya kazi hiyo. Akiweka gia huru ili kuokoa mafuta, karibu yote huishia kwenye breki. Pedi duni hupoteza nguvu ya kushika zinapopata moto, na diski iliyokwisha haina tena unene wa kulihifadhi joto hilo.

Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishavuta maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mguu hukanyaga hewa.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu aliyewahi kushika spana. Nati za tairi hulegezwa gari likiwa bado chini, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe au magogo. Likishainuliwa huegemezwa kwenye stendi imara ya chuma, kwa kuwa jeki ni ya kuinulia tu, si ya kumlinda mtu aliye chini ya gari. Kalipa, yaani kile kibanio kinachoshika pedi, ikifunguliwa hufungwa kwa waya mahali, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Pistoni hurudishwa ndani taratibu huku kopo la mafuta ya breki likiangaliwa lisifurike. Vumbi la zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwani baadhi ya pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, nayo lazima yasafishwe kabisa. Grisi haitakiwi kugusa uso wa diski wala wa pedi. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Anayesahau hili hugundua kwenye ukuta wa jirani. Kisha zifuate safari fupi, bila mzigo, za kuzizoeza pedi na diski.

Diski zenye michirizi zinaweza kukerezwa kwenye mashine, lakini unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umechorwa kwenye diski yenyewe. Ikishapita hapo, kukereza ni kununua hatari kwa bei nafuu. Na hubadilishwa pande zote mbili, vinginevyo gari huvutwa upande mmoja.

Kuhusu bei, chukua mfano wa kukadiria tu: pedi za Sh 30,000 zinazodumu miezi minne, na za Sh 70,000 zinazodumu mwaka. Za kwanza zitagharimu Sh 90,000 kwa mwaka, pamoja na siku tatu za gari kusimama badala ya moja. Kama moja ya siku hizo ni ya mnada, hasara inazidi tofauti yote ya bei.

Lipo pia suala la bima. Bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi hukata kwa sababu sheria inailazimisha, hailipi gari la mwenyewe wala magunia yaliyomwagika. Mzigo wa msimu mzima unaweza kuwa juu ya pedi mbili zisizojulikana zilikotengenezwa.

Kwa hiyo pedi na diski za mbele ni kazi inayoweza kufanyika nyumbani. Ngoma za nyuma zenye springi nyingi, mpira uliopasuka, pistoni iliyoganda au pedali inayozama polepole ikikanyagwa ni kazi ya gereji, hata kama gari limeshapakiwa na mnunuzi anasubiri Babati.