"Kajichapishia Mwenyewe"

Kuna neno nilisikialo mara nyingi barazani, hutamkwa kwa kubinua midomo kila kitajwapo kitabu kisichotoka kwa mchapishaji mwenye jina: "Ah, huyo kajichapishia mwenyewe." Maana yake ni kwamba kazi ilipimwa, ikaonekana nyepesi, ikakataliwa. Nami nauliza: ilipimwa na nani, na kwa mizani gani?

Natutazame waandishi weusi wa Marekani, maana wao wamepimwa kwa mizani hiyo zaidi ya karne mbili. Phillis Wheatley alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston mwaka 1761. Alipokuwa na diwani tayari, haikutosha kwamba tungo zilikuwa nzuri. Waheshimiwa 18 wa mji ule walitia saini kuthibitisha kuwa mtumwa yule ndiye mtunzi, na hata hivyo kitabu kilichapwa London mwaka 1773, si Boston. Mshairi mweupe hakudaiwa mashahidi. Tungo zake zilimtosha.

Paul Laurence Dunbar, mwana wa wazazi waliopata kuwa watumwa, alikuwa mwendesha lifti mjini Dayton, Ohio. Diwani yake ya kwanza, Oak and Ivy, yenye tarehe ya 1893, ilichapwa kwa deni, naye akalilipa kwa kuwauzia abiria wa lifti nakala kwa dola moja moja. Mwaka 1896 mhakiki mashuhuri, William Dean Howells, akamsifu, lakini sifa zikaelemea tungo alizoandika kwa lahaja ya watu weusi. Zile za Kiingereza sanifu, alizozithamini sana mwenyewe, zikabaki kando. Dunbar alimwandikia rafiki yake kwamba sifa hizo zimemdhuru.

Sasa mtazameni Zora Neale Hurston. Mwaka 1931 alikuwa amemaliza kitabu cha maisha ya mzee Kossola, aitwaye pia Cudjo Lewis, mmoja wa Waafrika waliopelekwa Alabama mwaka 1860 kwa merikebu ya Clotilda, ilhali kuingiza watumwa Marekani kulikuwa haramu tangu 1808. Hurston aliyaacha maneno ya mzee kama yalivyomtoka kinywani. Mchapishaji akataka lahaja iondolewe. Hurston hakuiondoa. Kitabu hicho, Barracoon, kilitoka mwaka 2018, miaka 58 baada ya kufa kwake.

Dunbar alitakiwa lahaja. Hurston alikatazwa lahaja. Lau jambo lingekuwa ubora wa lugha, mizani isingeinama huku leo na kule kesho. Waama, lahaja haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba mtu mweusi hakuachiwa kuchagua aseme kwa ulimi upi.

Ndiyo maana namheshimu Dudley Randall, mshairi na mkutubi wa Detroit, aliyeanzisha Broadside Press mwaka 1965 kwa kuchapa mashairi kwenye karatasi moja moja. Gwendolyn Brooks, mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950, aliiacha nyumba kubwa ya uchapishaji ya New York akampa Randall diwani yake Riot, iliyotoka 1969. Je, naye alikwenda huko kwa wepesi wa kazi yake? Hasha!

Nitaambiwa kwamba vitabu vingi vya kujichapishia havikuhaririwa na ni vibovu. Ni kweli, nimevinunua, nikavifunga kabla ya ukurasa wa kumi. Lakini ubovu huo niliujua kwa kusoma, si kwa kutafuta jina la mchapishaji kwenye jalada.

Kwa nini nayasema haya kisiwani? Mzigo wao wa rangi si wetu, wala siufananishi na wetu. Lakini mizani ile naitambua. Mimi sikupita chuo. Ushairi nilifunzwa na wazee, na kutafsiri nilijifunza kwa kamusi na taa ya chemli. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka mswada wa tungo za wazee wa Lamu kwa mchapishaji mmoja. Ulirudi "umesahihishwa". Kila penye "mato" pameandikwa "macho". Kina cha "to" kikavunjika, na beti zikachechemea. Nilipolalamika, nikaambiwa msomaji wa leo hataelewa. Msomaji mwenyewe hakuulizwa.

Sina ugomvi na Kiswahili sanifu; ndicho niandikiacho hapa. Ugomvi wangu ni na mtu asiyejua kuhesabu mizani, akaja kumsahihisha bingwa wa mizani kaburini mwake.

Niliuchukua mswada wangu, nikatoa nakala mia moja kwa fotokopi, nikazishona kwa uzi mimi na mke wangu. Ndiyo, nilijichapishia mwenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kitabu ni kusomwa kwanza, kisha ndipo kihukumiwe.